Kosa Lililoambiwa Linyamaze

Nilisikia uvumi kwamba kutengeneza tovuti huwafanya watu waongee peke yao, na binti yangu aliianza kazi hiyo juzi.

Leo mafundi wawili wa tovuti, mwanamume na mwanamke, walibishana mbele yangu kwenye basi. "Dada, ukurasa wangu hauna kosa! Seva yako ndiyo haipokei majina ya wagonjwa."

"Kaka wee, seva inaletewa hewa tupu! Umeiambia programu kosa likitokea inyamaze."

"Makosa yalikuwa yananiaibisha mbele ya bosi."

"Kliniki tunayoitengenezea inafunguliwa saa mbili, na orodha haina hata jina!"

Kaka akafungua kompyuta yake, akafuta mstari mmoja wa programu. Makosa yakamwagika kwenye skrini, mekundu kama pilipili. Tukacheka wote. Basi likasimama, bado wanalaumiana.

Mwanangu, epuka:
kunyamazisha kosa;
kumlaumu mwenzio kabla hujajikagua;
kuniambia "niko sawa, mama" wakati huko sawa.