Kolesteroli Isiyotoka, na Mtoto wa Pili wa Eufrasia

Mgeni rasmi, karibu Bariadi. Utuwie radhi tukisoma haraka. Leo hatuna utulivu.

TULIKOTOKA
Wa kwanza kati yetu ni Eufrasia Luhende, mkulima wa pamba wa Binza, Maswa. Binti yake, Minza, alizaliwa na ugonjwa wa manjano, bandama likavimba. Alipofika miaka saba akawa akicheka anaanguka, miguu imelegea. Kushuka ngazi kukamshinda, macho yaligoma kutazama chini. Mama mkwe, Bi Shida, akasema Eufrasia ameleta uchawi nyumbani. Tangu hapo hawakusalimiana.

TULICHOPATA
Damu ya Minza ilipelekwa nje ya nchi, majibu yakaja baada ya miezi minane. Daktari aliwaita Eufrasia na Bi Shida. Aliwaeleza kwamba kila seli ya mwili hupokea kolesteroli, huiweka kwenye kifuko kidogo cha kumeng'enyea, kisha protini maalumu huitoa humo ikatumike. Kwa Minza protini hiyo haifanyi kazi. Kolesteroli inaingia, haitoki. Inajaa kwenye ini na bandama, na seli za ubongo zinakufa. Chakula hakihusiki. Mtoto hurithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama, ambao wenyewe hawaumwi.

Bi Shida akauliza mwanawe, baba yake Minza, aliitoa wapi. Kwa mmoja wa wazazi wake, daktari akajibu.

Bibi akamgeukia mkwewe. "Mayu, mama yangu, huenda ni mimi niliyempa. Nisamehe."

Eufrasia alimshika mkono, wakatoka hivyo hivyo hadi stendi.

LINALOTUSUMBUA
Minza alifariki Machi, akiwa na miaka kumi na mmoja. Dawa ya kupunguza kasi ya ugonjwa haikumfikia. Amebaki mdogo wake, Maige, wa miaka minne, na bandama lake limeanza kuvimba. Damu yake ilichukuliwa, ikaharibika ikisubiri usafiri. Siku hizi watoto wakimchekesha, mama yake huacha jembe akasogea karibu, mikono tayari kumdaka.

OMBI
Tulikuwa tumeandika maombi sita. Jana tuliyafuta, tukabakiza moja. Gari lako linarudi Mwanza alasiri hii, na hospitali ya huko imekubali kumpima Maige kesho asubuhi. Eufrasia na Bi Shida wamekaa mlangoni na mtoto, mizigo imeshafungwa.

Mungu akufikishe salama, mgeni rasmi, wewe na hao watatu.

Ni sisi,
Umoja wa Wazazi wa Watoto Wenye Magonjwa Adimu, Simiyu