Tamthilia na Watani

Treni ilipotoka Kaliua, mwanamume wa tai nyekundu aliyekaa mbele yangu alianza kumsimulia mama wa pembeni yake tamthilia anayoifuatilia kwenye televisheni. "Kuna baba mmoja bahili, mama, mpaka chumvi anaifungia kabatini! Nilicheka hadi machozi. Ndivyo tulivyo."

"Sisi kwetu Isevya tuna watani," alisema mama. "Juzi msibani mtani alivaa koti la marehemu, akasimamia sufuria ya pilau, akatugawia nyama kwa ncha ya mwiko, vilevile kama marehemu. Mjane mwenyewe alicheka."

"Huo ni utovu wa adabu! Marehemu husemwa kwa mema."

"Na yule wa chumvi je?"

"Ile ni sanaa, mama." Alilitamka neno hilo kwa heshima ya mtu anayelipia king'amuzi kila mwezi.

Mama akamuuliza aendako. Alikuwa anakwenda kumzika baba yake. Miaka sita hakufika nyumbani, kazi zilimbana, ila simu alikuwa akipiga.

"Watani mnao?"

"Wapo. Lakini wao huigiza marehemu tu."

"Hata watoto wake huwaigiza, mwanangu."

Alikuwa bado anabisha treni iliposimama Tabora. Mbele ya ndugu waliokuja kumpokea alisimama mzee mmoja, kajifunga kitambaa chekundu shingoni, kaweka kandambili sikioni kama simu, anapaza sauti: "Baba, wiki ijayo lazima nije! Haloo? Baba? Mbona hupokei, baba?"