Pumzi ya Lori la Luka

Sisi wa baraza la Chumbageni tuna ulimi, wallahi, na asubuhi ile tulikuwa tukimzika nao mtu angali hai. Luka, dereva wa lori la shamba la mkonge, alikuwa mahabusu, na kesho yake alikuwa asimame kortini. Lori lake lilishika moto karibu na Kigombe, likitupeleka maulidini. Sote tuliruka. Bi Semeni, kikongwe wa miguu mibovu, hakuwahi, akafia humo.

Uweso, tunayemwita Hakimu kwa kupenda kuhukumu, alisema Luka alikuwa amelewa. Kufika kikombe cha pili cha kahawa, Luka akawa mlevi tangu utotoni. Kikombe cha tatu kikaleta jini la Kigombe lisilopenda harufu ya petroli. Hatibu Spana, aliyewahi kufanya kazi gereji, akachoka.

— Jini gani, Hakimu? Injini hupumua. Moshi ukipenya kwenye pistoni hushuka kwenye tumbo la oili, ukatokea kwa kile kibomba cha chini. Kikizibwa, moshi unajaa, oili inatafuta pengine pa kutokea. Ile ilirukia ekzosi, lile bomba la moshi lenye moto, ikawaka.

— Basi alikiziba mwenyewe. Polisi si wamekuta donge la katani mle?

Spana akatazama kikombe chake. Naona haya kulisema, lakini ukweli tuliujua sote watatu. Kibomba kile kilitema moshi na matone ya oili, vikapenya kwenye mbao za sakafu ya lori mpaka kwenye kanzu zetu zilizotiwa buluu kwa ajili ya maulidi. Njiani, pale Tongoni, Luka aliposhuka kunywa chai, Hakimu aliamuru, mimi nikasokota katani, Spana akaingia uvunguni akakiziba, akisema ni mwendo mfupi tu. Luka hatukumwambia.

Ndipo akaja mwanamke, mtoto mgongoni, vumbi mpaka magotini. Akatuamkia kwa adabu, akasema yeye ni Lea, mkewe Luka, ametoka kambi ya mkonge kwa miguu. Ameambiwa sisi tulikuwamo lorini.

— Kila Jumamosi mume wangu alikifungua kibomba kile, akakiosha kwa mafuta ya taa, akakipuliza kwa mdomo mpaka akakohoa. Sasa, wazee wangu, mtu huyo akizibe kwa nini?

Spana akakuna goti. Muuza kahawa aliinamisha dele lake la kahawa, halikutoa kitu. Mwishowe Hakimu akamwambia amwachie Mungu, Mungu hamdhulumu mtu.

Nami nikaitikia amina.