Mjomba Aseme Kwanza Nilichofundisha

Sogeeni, wanangu, nyote wawili, na wewe mdogo wangu usijibanze nyuma ya pazia, njoo ukae hapa miguuni pangu nikuone. Zimeni hiyo redio. Nitasema mara moja tu, kwa sababu pumzi yenyewe ni ya kubahatisha, na anayetaka kulia akalie jikoni, arudi akishamaliza.

Jana nilimsikia mjomba wenu mhubiri akiwaambia majirani pale koridoni kwamba dada yake atatubu kabla hajakata roho, atakiri alikosea kuwafundisha watoto wa watu mageuzi ya viumbe, na kwamba hotuba ya mazishi ameshaiandaa. Mdogo wangu, ninaumwa mapafu, siumwi masikio! Basi sikieni wosia wangu wa kwanza: hilo silitubii. Mungu wangu ninamjua na tutaongea naye wenyewe, lakini kazi yangu siikani, na yeyote atakayesimama kaburini kusema niliikana, mkatalieni palepale, mbele za watu, bila kumwonea haya.

Nyumba mnajua tulivyoigawa, sirudii. Ila kitinda mimba wangu, wewe unayefundisha sasa katika chumba changu cha semina kule chuoni, meza ya duara ni yako. Seremala aliiungia mlemle ndani kwa sababu haipiti mlangoni, na nilimwambia aifanye hivyo makusudi. Mkuu wa idara anataka safu za viti na skrini ukutani, eti wanafunzi ni wengi. Akitaka kuitoa aje na msumeno, akukute umeikalia.

Kwenye meza ile sikuwahi kuhutubia. Nilimwaga magamba matupu ya konokono wa aina moja, mengine ya njano, mengine yenye mistari, nikauliza mbona hawafanani, na ndege anayewala huwaona wapi kwa urahisi. Kisha nikanyamaza. Watatazamana, watakohoa, watachezea kalamu, mimi kimya, mpaka mmoja aropoke jambo na mwenzake aruke kumpinga, na hapo ndipo nilipogonga meza: ngoja, kabla hujampinga sema kwanza alichosema, mpaka mwenyewe akubali kwamba ndivyo. Ukishindwa, zamu imekupita.

Kulikuwa na binti tuliyemwita Sikubali, maana kila semina aliianza kwa neno hilo. Mkuu wa idara wa wakati ule akaniambia nimtoe, anawachelewesha wenzake. Nikamjibu kwamba akitoka yeye, natoka na mimi. Hakuna aliyeeleza vizuri kama yeye jinsi konokono anayejificha vyema anavyobaki na kuzaa, na watoto wakarithi rangi yake, na akishamaliza anakunja mikono: "Nimeeleza, na bado sikubali." Tulicheka mpaka machozi! Sijui kama aliwahi kukubali, wala sikumdai. Nilimpenda yule mtoto kwa sababu alinipinga mimi mwenyewe, si mtu wa kubuni.

Lakini wewe, mdogo wangu, umenipinga harusini, umenipinga misibani, na hujawahi hata siku moja kupinga nilichosema. Imeniuma, nakwambia wazi. Basi urithi wako ndio huu: hotuba ya mazishi nakuachia wewe. Ndiyo, wanangu, msigune, nimesema yeye. Ila zamu ataipata kama wanafunzi wangu walivyoipata. Aseme sasa hivi nilifundisha nini, ningali na uwezo wa kujibu ndivyo au sivyo, kwa sababu siku ya kaburi hatakuwa na wa kumuuliza.

Haya, anza.

Sivyo! Nani alikwambia nyani ni babu yetu? Yule binamu yetu aliyevunja baiskeli ya baba, ndiye aliyekuzaa? Mna bibi mmoja, basi. Rudia... Eeh. Mzee mmoja wa zamani sana, ambaye hakuwa nyani wa leo wala mtu wa leo... Ngoja nipumue... Endelea. Vizazi kwa vizazi, wengine wakabaki, wengine wakapotea... na uzao wa waliobaki ukawa nini? Mbona umesita? Liseme, halitakung'ata. Sikukwambia uamini. Sema tu kwamba dada yako ndivyo alivyofundisha.

Ndivyo.

Ndivyo kabisa, mdogo wangu. Sasa zamu ni yako, nipinge unavyotaka, nitafurahi huko niliko... Unalia? Si nilisema jikoni... Haya, lia hapahapa. Nipe mkono.

Wanangu, Mungu awape afya, na awape watu wa kuwabishia wanaowapenda. Kifungua mimba, fungua dirisha, kuna joto... Na wewe kitinda mimba, una semina kesho. Nenda. Usibaki hapa kunitazama. Magamba yamo kwenye mfuko wa koti langu... yamwage mezani... uliza... kisha unyamaze. Hata wakikohoa... unyamaze tu... mpaka waseme wao.