Jante Haikulia Vulamba

Asubuhi hiyo jante haikulia. Ni jante ya lori, rimu ya gurudumu isiyo na tairi, chuma kitupu, inayoning'inia kwenye nguzo mbele ya ligablo ya Monique, kibanda chake cha kahawa, huko Vulamba, mjini Butembo. Ikigongwa kabla ya mapambazuko, mtaa mzima huamka. Monique mwenyewe alichelewa, ndiyo maana birika la kahawa lilitoka nusu. Kwenye benchi walikuwa wamekwisha kuketi wenye benchi lao: Zacharie, mwalimu mstaafu, anayeitwa Registre kwa kuwa hasahau jina la mtu, Kakule, Mprotestanti muuza viazi vya Lubero, anayeitwa Pomme, na Malachie, fundi wa vipaza sauti katika kanisa la uamsho, anayeitwa Décibel. Leo aliongezeka Octave, karani aliyeletwa kazini kutoka Mbandaka, mwenye karatasi gotini. Barabara inapanuliwa, nguzo itang'olewa Jumatatu, na jante itapewa kanisa ambalo mtu wake huigonga. Zacharie alikuwa ametumwa na shirika lake la Wakatoliki kuleta jina. Hakuwa nalo. Hilo lilimkera kuliko uchache wa kahawa.

— Papa Registre, jina moja tu, alisema Octave. Kalamu iko wazi.

— Aliyetundika ile jante ni katekista Eliezer, alijibu Zacharie. Mwaka wa elfu moja mia kenda sabini na moja. Hapa kulikuwa shamba ya maharagi, hapana nyumba hata moja.

— Eliezer amekufa, sasa miaka kenda, alisema Pomme. Mufu anagongaka?

— Nyuma yake ni katekista Siméon.

— Umemuuliza?

Zacharie alitazama ndani ya kikombe. Alikuwa amemuuliza, jana jioni.

— Anasema yeye pia anaamukaka na ile jante. Alifikiri ni ya Baprotestanti.

Décibel alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye suruali.

— Si nilisema! Pomme alipiga goti. Ni yetu! Jante yenyewe ilitoka kwa camion ya baba yangu. Anayegonga ni pasta wetu.

— Pasta wenu? Leo amepita hapa mbio, viatu mukononi, ibada imeanza bila yeye. Mutu anajiamusha na jante anagonga mwenyewe?

— Na weye Décibel unyamaze. Kanisa yenu ilifika hapa juzi.

— Juzi? Miaka kumi na mbili! Batu banakimbia vita, banatoka Eringeti, banatoka Beni, banaingia kwetu. Mbona? Ni juu tunasikika, ndiyo sababu.

— Banaingia ndani juu inje kelele inazidi.

— Basi, sasa mwambieni karani nani anagonga, alisema Zacharie. Nani amemuona kwa macho?

Hakuna aliyemwona. Saa ile, siku hizi, nani hufungua mlango?

— Mimi niko na maelezo, alisema Pomme. Usiku baridi inakaza chuma. Asubuhi chuma inajinyoosha, inalia yenyewe. Leo hapana baridi, donc hapana sauti.

— Baridi inajua Siku ya Mungu? alidakia Décibel. Dimanche inachelewa, inalia nyuma kidogo, unapumuzika. Hiyo ni malaika.

— Malaika! Octave aliinua kalamu. Majina yote matatu: nom, post-nom, prénom?

— Malaika hana post-nom.

— Kama post-nom te, kama haiko, karatasi haipiti.

Hapo mwanamke kijana alisimama mbele yao, mtoto mgongoni, mkononi kipande cha chuma kilichozungushiwa kitambaa upande wa kushikia.

— Jambo kwenu, bapapa. Mimi ni Kavuo, tunapanga kule chini. Koko yangu, ule mama muzee Kanyere, amenituma. Anaomba pardon juu ya leo.

— Pardon ya nini, maman?

— Hapana amegonga. Amelala.

Birika likasimama hewani mkononi mwa Monique.

— Kanyere nani? aliuliza Zacharie. Avenue hii iko na ba Kanyere kumi na moja.

— Kanyere Jokébed.

Alikuwa wa kumi na mbili. Zacharie hakuwa naye kichwani.

— Anasali kanisa gani? Octave aliuliza.

— Kanisa yetu ilibakia Eringeti. Hapa anasalia mu nyumba.

— Na anagongaka juu ya nani?

— Tangu tukimbie, usingizi ilimukataa. Akasema, kama niko macho bure, heri niamushe batu ba kazi. Miaka nane. Leo amelala mpaka jua imetoka, mara ya kwanza. Tulimuangalia tu, tukaogopa hata kukohoa. Sasa anasema apumuzike.

Akawanyooshea kile chuma.

— Ameniambia niipatie mwenye jante. Ni nani kati yenu?

Pomme alikuna shingo.

— Anaamukaka saa ngapi?

— Saa kumi na nusu.

— Na mvua ikinyesha?

— Na mvua.

Décibel alitoa simu na kuitazama, ingawa haikuwa imelia. Zacharie alimnyang'anya Octave kalamu, akaandika kwa mwandiko wa shule ya zamani: Kanyere Jokébed, alama ya é mahali pake. Penye neno *Kanisa* hakuandika kitu.

— Donc, papa? alisema Octave kwa sauti ya chini. Chuma nani anapokea?

Monique alipindua birika, yakatoka machicha. Kavuo alikuwa bado amenyoosha mkono wenye chuma.