Firimbi ya Arbitre

Benchi letu la mtaa wa Ndosho limeegemea ukuta wa nyumba ya Swedi. Ni ukuta wa mbao tupu juu ya mawe meusi ya volkano, kwa hiyo anayekohoa ndani anaambiwa pole na walio nje. Mimi nauza kahawa hapo, mtoto wangu mgongoni. Swedi ni dereva wa lori la kwenda Rumangabo. Tansion, yaani presha, ilipompanda, patron mwenye lori alichukua ufunguo mpaka muganga amwone tena Jumatatu. Muganga alimwambia afanye mazoezi nyumbani: aruke kwa nguvu muda mfupi, apumzike, arudie. Swedi anaona haya kuruka mbele ya watu, basi anajifungia ndani. Buhendwa, tunayemwita Arbitre kwa sababu huchezesha mechi za kartiye, hapa mtaani, anakuja kila asubuhi kumpigia firimbi kutoka kwenye benchi. Moja ya kuanza, moja ya kupumzika. Hakuna aliyemwomba, aliona tu rafiki yake hana saa.

Leo akapiga ya kuanza. Sakafu ikaitika: ti, ti, ti.

— Papa Swedi, uko? akaita Kakule, mwenye chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma mizigo.

— Niko, Swedi akajibu kutoka ndani.

— Munasikia? Anajibu. Mutu anayefanya kazi kweli hana pumzi ya kujibu.

— Wewe Kakule, kipimo ni jasho, akasema Ferdinand. Huyo tunamwita Dokta; alilinda geti la hospitali miaka mingi. — Likifika kwenye kisigino, hapo efo, ile nguvu ya mwili, imetimia.

— Jasho gani? Mimi nikipandisha chukudu na viazi, naona barabara mbili. Asiyeona mbili anacheza.

— Hiyo ni njaa yako.

Arbitre akatoa firimbi mdomoni ili na yeye aseme.

— Wazee, uwanjani mimi naangalia masikio. Yakiwa mekundu, muchezaji amechoka kweli.

— Masikio ya Swedi ni meusi kama sufuria yangu, akasema Kakule. Utaona nini?

Tulicheka. Mtoto wangu alinyoosha mkono kwenye termosi, na Kakule akaisogeza mbali bila kukatisha maneno yake.

— Na ukuta uko katikati. Masikio yenyewe utayaona wapi?

— Niwaambie, akasema Dokta. Kule hospitali aliingia mutu, moyo wake unasikika mpaka getini.

— Uongo.

— Mbwa wetu alibweka.

— Alibwekea moyo?

— Alibwekea moyo. Kama hujafika hapo, hujafanya zoezi.

— Basi tusikilize wa Swedi, akasema Arbitre, akaweka sikio kwenye mbao.

Tukanyamaza sote. Ndani hapakuwa na ti, wala kiti kilichosogea.

— Swedi?

Arbitre akagonga ubao.

— Amejifunza, akasema Kakule polepole. Hajibu. Si tulimwambia.

Lakini hakuwa anacheka tena. Dokta aliweka kikombe chini, kahawa ikiwa bado imejaa.

Hapo akatokea Alima, mke wa Swedi, na bido la maji kichwani.

— Amemaliza?

— Anapumzika, mama.

Alima akasukuma mlango. Ulikuwa na komeo ndani. Akaita jina la mume wake, mara moja, kwa sauti ya chini, na Kakule akashika ubao wa ukuta kwa mikono mitupu, akaung'oa.

Swedi alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda, kiganja kifuani. Macho yalikuwa wazi. Midomo ilitafuta neno, haikulipata. Jasho lilikuwa limefika kwenye visigino.

Wakambeba. Kakule akamlaza juu ya chukudu yake, akavua koti na kumfunika. Dokta alishika kichwa chake kama anavyoshikwa mtoto mchanga, akisema, — Pumua, kaka, usijibu kitu.

Alima alifunga kitenge vizuri, tayari kuwafuata. Kisha akageuka kwa Arbitre. Hakuwa na hasira.

— Papa Buhendwa, huyu haachi kuruka kama hajasikia firimbi yako. Muganga ataniuliza. Ulimpigia ya kupumzika wakati gani?

Kakule akamtazama Dokta. Dokta akanitazama mimi. Arbitre akafungua mkono. Firimbi ilikuwa imeshakauka mate tangu alipoitoa mdomoni.