Sikitu: Jina Lililogeuka Jibu

Wapendwa mliofika kumsindikiza dada yetu, poleni na safari, na poleni na msiba. Nimepewa kazi ya kusoma maisha yake kwa sababu mimi ndiye mdogo wake wa mwisho, na kwa sababu aliniagiza mwenyewe: "Usiwalize watu. Wasimulie habari ya jina." Basi leo nina huzuni, sikatai, lakini nina habari njema pia, na inaniwasha mdomoni tangu asubuhi.

Marehemu Sikitu alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali alikofanya kazi baba yetu. Alikuwa binti wa nne. Mkunga alipotoka chumbani na kumwambia baba kwamba ni msichana tena, baba alipunga mkono, akasema, "Si kitu," akachukua koleo lake akaenda kazini. Bibi yetu alikuwa amesimama mlangoni. Akasema mwenye mtoto keshataja jina, na likaganda. Baadaye nikazaliwa mimi, wa kiume, nikapewa jina refu la kifalme ambalo mpaka leo halijaniletea hata kiti cha enzi cha plastiki.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960. Siku ya kwanza mwalimu akamuuliza jina. "Sikitu," akajibu. Mwalimu akamwambia, "Hata kama si kitu, wewe litaje tu." Darasa zima likaangua kicheko, na kicheko hicho dada alitembea nacho miaka mingi. Aliwahi kuniambia kwamba kila alipoitwa alimwona baba akipunga mkono na kuondoka. Alipobatizwa akiwa sekondari alijichagulia jina la malkia wa kwenye Biblia, akatangaza kwamba lile la nyumbani limekwisha. Hakuna aliyemsikiliza. Sisi wa nyumbani tulikuwa tumeshazoea.

Mwaka 1972 aliingia chuo cha uuguzi. Alihitimu mwaka 1975, akapangiwa chumba cha kufungia vidonda katika hospitali iliyo nyuma ya soko kuu, na hapo ndipo alipofanya kazi mpaka alipostaafu. Kitambulisho cha kifuani kilikuja kimeandikwa Sikitu, maana chuo kilifuata cheti cha kuzaliwa. Alikivaa kwa kukigeuza, maandishi yakiangalia sare.

Tarehe 4 Desemba 1977 alifunga ndoa na shemeji yetu, mpiga picha za eksirei wa hospitali hiyo hiyo. Shemeji alipenda kututania kwamba yeye alimwona mpaka mifupa na hakukuta dosari. Walijaliwa watoto watatu.

Sasa kaeni vizuri, tumefika penyewe. Mwaka 1981 aliletwa seremala mmoja mwenye kidonda kibaya cha mguu. Bandeji ilipofunguliwa, chumba kizima kilinuka. Mzee wa watu akaona haya, akasema, "Nisamehe, nesi. Nakuharibia hewa." Dada, mikono ikiwa kazini, akamjibu kama alivyowajibu wagonjwa wote kila siku: "Si kitu." Seremala akainua macho. Siku hiyo kitambulisho kilikuwa kimejigeuza chenyewe, akakisoma. Akacheka. "Kumbe mimi naomba msamaha, wewe unanitajia jina lako."

Hapo ndipo dada alipong'amua. Miaka yote ile alikuwa akilitamka jina lake kwa watu wenye haya, na kila alipolitamka aliona mabega yao yakishuka, wakipumua. Alikuja mbio kwangu bado amevaa aproni, akaingia bila hodi. "Mdogo wangu, mimi nimeitwa msamaha, na hakuna aliyeniambia!" Sijawahi kumwona mtu mzima akirukaruka jikoni namna ile.

Alipompelekea habari hiyo mchungaji wetu, hakumpokea kwa vigelegele. "Dada yangu, angalia," alimwambia. "Mbele za Mungu dhambi huwezi kuiita si kitu. Ilimgharimu Mwanawe." Dada akaondoka. Wiki nzima chakula hakikupanda, maana aliona furaha yake inataka kunyang'anywa kabla hajaizoea. Jumapili alimngojea mchungaji mlangoni mwa kanisa.

"Mchungaji, hata kidonda ni kitu," akamwambia. "Nakiona, nakinusa, nakisafisha mimi. Nikisema si kitu, sisemi kidonda hakipo. Namwambia mwenyewe asione haya, shughuli ya kukisafisha niachie mimi. Yesu naye alisamehe watu misumari ikiwa mikononi mwake. Hakusema haiumi."

Mchungaji akamwomba aingie ayaseme maneno hayo mbele ya watu wote. Kuanzia wiki hiyo kitambulisho kiliangalia nje.

Mtihani wenyewe ulikuja mwaka 1989, baba alipoletwa katika chumba hicho, kisukari kimemla kidole cha mguu. Nilikuwepo, nimemshika mkono. Baba yetu hakuwa mtu wa maneno. Alimtazama binti yake aliyepiga magoti mbele ya mguu wake, akasema, "Mwanangu, siku uliyozaliwa nilitoka vibaya pale nyumbani. Nisamehe." Nilimwona dada akikunja chachi ya kufungia kidonda, akiikunjua, akiikunja tena, nami nikaogopa, kwa sababu alikuwa na haki ya kusema mengi. Mwisho akasema, "Si kitu, baba." Baba akalia waziwazi. Nami nililia, na baadaye tulikunywa chai sote watatu tukicheka kama watu waliopona.

Alistaafu mwaka 2013. Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, na tangu Januari mwaka 2024 hakutoka kitandani. Yeye aliyeosha watu maisha yake yote, sasa akawa wa kuoshwa, na hilo lilimtesa kuliko maumivu.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, dada zake wawili waliobaki, na mimi. Ameacha pia wagonjwa wake, ambao nawaona hapa wamesimama kwa miguu yao.

Alituacha Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, asubuhi, nyumbani kwake. Binti yake mkubwa alikuwa akimbadilishia shuka. Dada akamwambia, "Samahani, mwanangu, nakuchosha." Binti akajibu bila kufikiri, "Si kitu."

Dada akaitika, "Abee."

Binti alidhani mama anatania, kama kawaida yake. Lakini mama hakuwa akimtazama yeye.

Umeitwa, dada, na umeitika. Pumzika kwa amani.